Kutoka karatasi ya Chicago hadi tovuti ya shangazi

Nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa na sababu kubwa ni aibu. Nilimtengenezea shangazi yangu tovuti, akanilipa, na kwa miezi minne tovuti hiyo haikumletea mteja hata mmoja.

Shangazi hushona sare za shule. Ana cherehani sita na mafundi wanne, na wateja wake wote walikuwa watu wa mtaani kwake. Mwaka juzi aliona kwamba wazazi wa miji mingine nao wanaweza kununua kwake, kifurushi kikapelekwa kwa matatu. Akachukua mkopo kwenye chama, akanunua vitambaa vya kungojea Januari, na Sh. 35,000 za mkopo huo akanipa mimi, mwenye digrii ya sayansi ya tarakilishi.

Kazi niliyomfanyia ilipendeza macho. Ukifungua ukurasa wa kwanza unakutana na video ya mafundi wakishona, kisha maneno yanaingia polepole kutoka upande wa kushoto. Anayetaka kununua anafungua akaunti kwanza, anachagua nywila yenye herufi kubwa na tarakimu, halafu anaenda kwenye barua pepe kuithibitisha. Niliwaonyesha wenzangu kazini wakanisifu. Januari ikaja ikapita, mkopo ukabaki, na vitambaa vikabaki kwenye magunia.

Mwezi wa pili shangazi alikuja kwangu. Akafungua tovuti kwenye simu yake, akangoja, akateremsha ukurasa, akapandisha, kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, sasa mtu akitaka kununua, anabonyeza wapi?"

Nilishindwa kumjibu. Usiku huo nikaanza kusoma, nikidhani nitapata makala kuhusu rangi za vitufe. Badala yake nikajikuta ndani ya historia ya miaka mia moja na hamsini ya watu waliojaribu kumuuzia mteja asiyewaona. Nawasimulia, kwa sababu nimegundua kwamba karibu kila kosa nililolifanya lilikuwa limeshafanywa, likapimwa na kuandikwa kabla sijazaliwa au nikiwa bado shule ya msingi.

Tuanze na Aaron Montgomery Ward. Huyu alikuwa muuzaji msafiri aliyezunguka vijijini Marekani akiyauzia bidhaa maduka ya huko. Aliona kwamba mkulima analipa bei ya juu kwa sababu bidhaa inapita mikono mingi kabla ya kumfikia, na tena duka la kijijini mara nyingi ni moja tu, hana pa kukimbilia. Ward akawaza: reli ipo, posta ipo, kwa nini nisimuuzie moja kwa moja? Mali yake ya kwanza iliteketea katika ule moto mkubwa wa Chicago wa Oktoba 1871. Mwaka 1872 akaanza upya na mtaji wa karibu dola 1,600. "Tovuti" yake ilikuwa karatasi moja yenye orodha ya bidhaa 163, bei zake, na maelezo ya jinsi ya kuagiza.

Hebu jiweke mahali pa yule mkulima. Mtu usiyemjua, katika mji ambao hujawahi kufika, anakuambia umtumie pesa naye atakutumia kitambaa. Bei yake ni ya chini mno. Wewe ungefikiria nini? Mwaka 1873 gazeti la Chicago Tribune lilisema wazi kwamba kampuni hiyo ni ya matapeli, likawaonya wakulima wasiiguse, ingawa baada ya muda mfupi lilikanusha na kuomba radhi. Kwa hiyo bei haikuwa tatizo la Ward. Tatizo lake lilikuwa hofu ya mteja.

Aliishughulikia hofu hiyo kwa njia mbili. Kwanza alijiunganisha na Grange, chama cha wakulima ambacho wanachama wake walikuwa tayari wanaaminiana. (Naona hapa kama namwona shangazi na chama chake.) Pili, mwaka 1875, alianza kuahidi kwamba asiyeridhika na bidhaa atarudishiwa pesa zake. Ahadi hiyo leo tumeizoea hata hatuisomi, lakini enzi zile lilikuwa jambo la ajabu: muuzaji aliuondoa mzigo wa hatari kichwani mwa mnunuzi akajitwika mwenyewe. Kufikia 1883 ile karatasi moja ilikuwa imekuwa kitabu cha kurasa 240 chenye bidhaa kama 10,000.

Nilipomaliza kusoma habari za Ward nilirudi kwenye tovuti niliyoijenga. Mzazi aliye Kitale anaombwa kutuma Sh. 2,400 kwa mtu asiyemjua. Hakuna mahali popote panapomwambia itakuwaje sare ikifika na haimtoshi mtoto. Hakuna jina la mtaa duka lilipo. Nambari ya simu ipo, nakubali, lakini niliificha kwenye ukurasa wa mwisho chini ya ramani, kwa herufi ndogo za kijivu, kwa kuwa nilidhani nambari ya simu inaharibu muundo.

Mtu wa pili ni Claude Hopkins, mwandishi wa matangazo aliyevuma Chicago mwanzoni mwa karne ya ishirini. Kitabu chake cha mwaka 1923 kinaitwa Scientific Advertising, na kukisoma ukiwa mwanaprogramu ni kama kukutana na babu yako wa kazi. Hopkins alichoshwa na watu waliobishana tangazo lipi ni zuri. Kwake tangazo lilikuwa muuzaji, na muuzaji hupimwa kwa mauzo. Basi aliweka kuponi kwenye matangazo. Kila kuponi ilikuwa na alama yake, hivi kwamba ikirudi kwa posta alijua imetoka gazeti gani na tangazo gani. Alibadilisha kichwa cha habari, akahesabu kuponi, akabadilisha tena. Hayo ndiyo majaribio tunayoyaita A/B leo, yakifanywa kwa mkasi na bahasha.

Lakini kisa cha Hopkins kilichonigusa zaidi hakihusu hesabu. Kampuni ya bia ya Schlitz ilimwita kuiandikia matangazo, wakati ambapo kila mtengeneza bia alikuwa akipiga kelele kwamba bia yake ni safi. Hopkins akaomba kuzungushwa kiwandani. Akaona hewa inayochujwa, visima vilivyochimbwa chini sana, chupa zinazooshwa mara nne. Akawauliza kwa nini hamwaambii watu haya? Wakamjibu kwamba kila kiwanda cha bia kinafanya hivyo hivyo. Yeye akasema sawa, lakini hakuna aliyewahi kuwasimulia wanywaji. Akaandika mambo hayo moja baada ya jingine, na kwa maelezo yake mwenyewe, Schlitz ilipanda kutoka nafasi ya tano hadi kulingana na walio juu kabisa katika miezi michache.

Sasa angalia nilichokuwa nimeandika kwenye ukurasa wa kwanza wa shangazi: "Ubora usio na kifani." Maneno manne ambayo hata muuza mitumba anaweza kuyaandika. Wala sikuwahi kumwuliza shangazi anashonaje. Nilipomwuliza alinieleza kwamba kaptura za wavulana huwekewa kitambaa cha ziada makalioni, kwamba sketi huachiwa upindo mpana ili ishushwe mtoto akirefuka, na kwamba vifungo hushonwa kwa mkono baada ya mashine. Akashangaa kwa nini nayaandika. "Si kila fundi anafanya hivyo?" akasema, maneno yale yale ya wenye Schlitz.

Turuke sasa hadi enzi za mtandao. Mnamo Oktoba 27, 1994, jarida la mtandaoni la HotWired liliweka juu ya kurasa zake matangazo ya mstatili, maarufu zaidi likiwa la AT&T. Kiwango kinachotajwa mara nyingi ni kwamba asilimia 44 ya walioliona walilibofya. Leo hakuna anayeota kiwango kama hicho. Watu walibofya kwa sababu kitu chenyewe kilikuwa kipya, na nadhani hapo ndipo wengi wetu tulipodanganyika kwamba mtandaoni kinachovutia ndicho kinachouza.

Waliolipa gharama kubwa zaidi ya fikira hiyo ni Boo.com. Hawa walikuwa wauza mavazi wenye makao London, na duka lao la mtandaoni lilifunguliwa Novemba 1999. Lilikuwa na mhudumu wa katuni aitwaye Miss Boo aliyekushauri, na nguo ulizoweza kuzizungusha uzitazame kila upande. Tatizo ni kwamba wanunuzi wengi wakati huo walitumia modemu ya simu. Kurasa zilichukua muda mrefu kufunguka, na mwanzoni wenye tarakilishi za Macintosh hawakuweza kununua kabisa. Mei 2000 kampuni ilifilisika ikiwa imetumia karibu dola milioni 135. Ukweli usemwe, nilipokuwa chuoni tulikicheka kisa hiki. Kisha nikamaliza chuo nikaweka video ya megabaiti 11 kwenye tovuti ya mshonaji ambaye wateja wake hununua data ya shilingi ishirini.

Polepole wenzetu wa huko walianza kurudi kwenye njia ya Hopkins. Kuna kisa cha Greg Linden, mhandisi wa Amazon katika miaka yake ya mwanzo, alichokiandika mwenyewe mwaka 2006. Linden alitaka mteja anapoangalia kikapu chake aonyeshwe bidhaa nyingine zinazohusiana na alizochagua. Mkubwa mmoja akampinga vikali: mtu akiwa njiani kulipa usimpigie kelele. Hoja hiyo ina mantiki, hata mimi ningeikubali. Linden akakatazwa kuendelea, lakini akaandaa jaribio hata hivyo. Baadhi ya wateja waliona mapendekezo, wengine hawakuyaona. Tofauti ya mauzo ilikuwa kubwa kiasi kwamba kutoyaweka kungekuwa kutupa pesa, na mabishano yakaishia hapo.

Mwaka huo huo wa 2006 Marissa Mayer wa Google alieleza jaribio lililowashangaza. Watumiaji walikuwa wamesema wanataka matokeo mengi zaidi kwa ukurasa, wakapewa 30 badala ya 10. Matumizi yakashuka kwa asilimia 20. Baada ya kuchunguza wakakuta ukurasa wa matokeo 10 ulifunguka kwa sekunde 0.4 na ule wa 30 kwa sekunde 0.9. Nusu sekunde! Tovuti ya shangazi, nilipoipima kwa simu ya kawaida nikiwa ndani ya matatu, ilichukua sekunde 14.

Halafu kuna makala ya Jared Spool ya Januari 2009, ambayo nadhani kila anayejenga duka la mtandaoni angepaswa kuisoma kabla ya kuandika mstari wa kwanza wa programu. Spool alisimulia habari za muuzaji mkubwa ambaye hakumtaja jina. Mteja akishajaza kikapu na kubofya alipe, alikutana na fomu ndogo: barua pepe, nywila, kitufe cha kuingia na kitufe cha kujisajili. Waliojenga fomu hiyo waliamini inawasaidia wateja wa mara kwa mara. Walipoketi na wanunuzi halisi wakawatazama, waliona kinyume. Wapya walikereka kuombwa wajisajili kabla ya kununua. Wa zamani hawakukumbuka nywila zao, wala barua pepe waliyotumia. Kumbukumbu za kampuni zilionyesha maombi kama 160,000 ya nywila kwa siku, na asilimia 75 ya walioomba hawakurudi kumaliza ununuzi. Dawa ilikuwa ndogo mno: kitufe cha kujisajili kikaondolewa, kikawekwa cha kuendelea, pamoja na ujumbe mfupi kwamba huhitaji akaunti ili kununua. Wanunuzi wakaongezeka kwa asilimia 45, na mwaka wa kwanza mauzo yakapanda kwa dola milioni 300.

Fomu kama hiyo nilikuwa nimeijenga mimi mwaka juzi, na nikaitilia sharti la herufi kubwa juu yake.

Cha mwisho katika historia hii ni kampeni ya Barack Obama ya 2008. Dan Siroker na wenzake walikuwa na ukurasa wa kukusanya anwani za barua pepe. Wakajaribu vitufe vinne pamoja na picha tatu na video tatu, jumla michanganyiko 24, kwa wageni 310,382. Watu wa kampeni walizipenda video. Matokeo? Video zote zilifanya vibaya kuliko picha. Mshindi alikuwa picha ya familia pamoja na kitufe kilichomwalika mtu ajue zaidi badala ya kumwambia ajisajili. Ukurasa wa awali uliandikisha asilimia 8.26 ya wageni, ulioshinda asilimia 11.60.

Hapa ndipo wengi hufunga makala na kukuambia nenda nawe ukajaribu. Mimi nilikaribia kufanya hivyo. Nilikuwa nimeshaanza kuandika programu ya kugawa wageni wa shangazi makundi mawili, nikasimama nikapiga hesabu kwanza. Tuseme ukurasa wa sasa unapata wateja 2 kwa kila wageni 100, nami nataka kujua kama mpya unapata 3. Ili niwe na uhakika wa kawaida wa kitakwimu kwamba tofauti hiyo si bahati tu, nahitaji wageni kama 3,900 kwa kila upande, yaani 7,800 kwa jumla. Shangazi alikuwa akipata wageni 40 kwa siku. Gawanya: siku 195. Zaidi ya miezi sita kujibu swali moja, na Januari nyingine ingekuwa imekaribia.

Kwa hiyo silaha ya Google na Amazon haitufai sisi wenye biashara ndogo, angalau si kwa umbo lile. Kinachotufaa ni vya zamani zaidi: ahadi ya Ward, maelezo na kuponi za Hopkins, na kile alichokifanya Spool cha kukaa kando ya mnunuzi ukanyamaza. Kuhusu hili la mwisho, Jakob Nielsen alieleza mwaka 2000 kwamba kuwatazama watu watano tu wakitumia tovuti kunafichua karibu asilimia 85 ya matatizo yake. Nikawatafuta watano: jirani, mlinzi wa jengo letu, mama wawili wa kanisani kwa shangazi, na mwendesha boda. Nikawapa simu na kazi moja, mnunulie mtoto wa darasa la nne sweta. Mlinzi alifika kwenye nywila akanirudishia simu bila kusema neno. Mama mmoja alitafuta kwa dakika tatu kujua duka liko mji gani, akasema mahali pasipo na mji ni wakora.

Nikabomoa. Video imetoka, ukurasa sasa una kilobaiti 280. Juu kabisa kuna picha ya shangazi akiwa mlangoni mwa duka, mji na mtaa, na nambari ya simu kwa herufi kubwa. Chini yake yale maelezo ya upindo na vifungo, bei za kila kipande, na sentensi kwamba sare isiyotosha inarudishwa na pesa zinarudi. Hakuna akaunti. Kuna nambari ya duka ya Lipa na M-Pesa, na hapa nadhani sisi tuna bahati ambayo Ward hakuwa nayo, maana ujumbe wa M-Pesa unamwonyesha mnunuzi jina la biashara aliyoilipa. Wanaoogopa hata hivyo wanalipa nusu kwanza.

Kuponi nazo nimeziweka. Kila ukurasa una kitufe cha WhatsApp, na kiungo chake kina ujumbe ulioandikwa tayari. Kama hujawahi, ni rahisi: wa.me, mkwaju, nambari yenye 254 mbele, halafu ?text= na maneno yako. Anayebofya kwenye ukurasa wa sweta anafika kwa shangazi na ujumbe unaoanza "Sweta:", wa kaptura anafika na "Kaptura:". Shangazi hahitaji kuingia kwenye dashibodi yoyote. Anahesabu jumbe jioni, anaandika kwenye daftari lake la wadeni.

Januari hii aliuza kwa wazazi 31 wa nje ya mji. Wengi wao, 18, walianzia ukurasa wa sweta, ambao mimi nilikuwa nimeuweka wa mwisho kwenye orodha. Mkopo wa chama umebaki awamu mbili. Sh. 35,000 zangu nilitaka kumrudishia akakataa, lakini amesema mwaka ujao nitamfanyia kazi bure, na sikubisha.

Sweta moja ilirudi kutoka Kitale kwa sababu mikono ilikuwa mifupi. Shangazi alirudisha pesa siku hiyo hiyo, kisha akanipigia simu kulalamika kwamba yule Mmarekani wangu wa 1875 amemgharimu Sh. 900. Nikamwuliza kama niitoe ile sentensi kwenye ukurasa. Akanyamaza kidogo, akasema niiache, ila niongeze picha ya kuonyesha jinsi ya kumpima mtoto mkono.